Prokirasio: karatasi ndogo, hasara kubwa

Ndugu wachimbaji, na ninyi mama munaowangoja nyumbani, musikilize habari hii.

Mama mmoja wa hapa Kolwezi alikuja kwetu kwenye sendika, mkononi karatasi iliyokunjwa mara nne. Bwana yake ana kompresere, anaikodisha kwa vikundi vya wachimbaji. Ndiyo inayolisha nyumba na kulipia watoto masomo. Alipougua akaenda Lubumbashi kutibiwa, alimwachia rafiki yake prokirasio. Iliandikwa tu: «Namupa ndugu yangu uwezo wa kunisimamia katika mambo yangu yote.» Hakuna tarehe ya mwisho, hakuna kitu kingine. Kurudi, rafiki alikuwa amekwisha kuuza kompresere.

«Bwana alisema ule ni ndugu, hakuna lazima ya kuandika mingi,» mama alituambia.

Sheria yetu ya mapatano ni ya tarehe 30 Julai 1888, na ingali inatumika. Inasema: ukimpa mtu uwezo kwa maneno ya jumla tu, anaweza kutunza mali, ni kusema kukodisha, kupokea feza, kulipa fundi. Kuuza ao kuweka rehani, lazima iandikwe wazi. Kwa hiyo rafiki yule hakuwa na haki. Lakini mashini imekwisha kwenda mbali, na kuifuata kunakula feza na wakati. Heri kuandika vizuri tangu mwanzo.

Mukiandika prokirasio, mutie haya:

- Majina kamili ya wote wawili, pamoja na namba ya karte ya uchaguzi.
- Kazi anayotumwa, moja moja. Musiandike «mambo yote».
- Mambo aliyokatazwa: «Hana ruhusa ya kuuza, kuweka rehani wala kukopa kwa jina langu.»
- Tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha.

Mutie sinyatire mbele ya notere, na kopi moja ibaki nyumbani. Tena mukumbuke: aliyetumwa ana deni la kutoa hesabu. Kumuomba hesabu si kumutukana.

Unaweza kuondoa prokirasio wakati wowote. Lakini kumwambia yeye peke yake haitoshi. Mtu asiyejua akiendelea kupatana naye, hasara inaweza kurudi kwako. Uombe karatasi yako irudi, kisha upashe habari kwa maandishi wote wanaofanya kazi naye: vikundi, wanunuzi, koperative, banki.

Na ninyi wajane: mwenye kutoa prokirasio akikufa, nayo inakufa. Mtu akija kisha kilio na karatasi ya marehemu akitaka kupokea feza, hana tena uwezo. Mupashe habari upesi kwa wale wanaolipa, juu anayelipa bila kujua anaweza kusema hana kosa.

Bwana wa mama yule angali mgonjwa. Tuliwasaidia kuandika prokirasio mpya: mara hii ni mama mwenyewe atakayefuata kompresere, mpaka mwisho wa mwaka. Tulipofika kwenye mustari wa mambo aliyokatazwa, bwana alisema tuuruke, maana ni bibi yake. Mama akakataa. «Muandike,» alisema. «Hata mimi.»