Kibarua wa siku na kibarua wa kipande

Katika mabwawa ya chumvi ya Gongoni na Marereni, huko Magarini, kaskazini mwa Malindi, watu wawili wanaweza kukwangua chumvi bega kwa bega kwa miaka, lakini siku ya kuachishwa kazi mmoja akawa na kesi na mwenzake asiwe nayo. Kinachowatenga ni namna ujira wao unavyohesabiwa.

Anayelipwa kwa siku analindwa na kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007. Akifanya kazi mfululizo kwa mwezi mmoja, huhesabiwa kuwa mwajiriwa wa mwezi, na kumwachisha kunahitaji notisi ya siku 28. Siku ya mapumziko inayofuata siku 6 za kazi imo katika hesabu hiyo, na sikukuu za kitaifa pia. Mwajiri hawezi kudai kwamba Jumapili imekata mfululizo.

Anayelipwa kwa gunia au tani, yaani kibarua wa kipande, yuko pabaya. Mwaka 2017, katika kesi ya wafanyakazi wa kampuni ya chumvi ya Krystalline, Mahakama ya Rufaa iliamua kwamba kifungu cha 37 kinamhusu kibarua wa siku peke yake. Sheria, walisema majaji, inatambua mikataba ya aina nne: usio na kikomo, wa muda maalumu, wa kipande na wa kibarua. Wa kipande hageuki kuwa wa mwezi hata akikaa miaka.

Maneno ya sheria yanaiunga mkono hukumu hiyo. Haki, kwa maoni yangu, haiiungi. Chumvi huvunwa msimu baada ya msimu katika mabwawa yale yale, chini ya msimamizi yule yule. Hiyo ni ajira ya kudumu iliyopewa jina jingine, na Bunge lina wajibu wa kurekebisha kifungu hicho.

Hata hivyo, wa kipande hakuachwa mikono mitupu. Lazima alipwe kufikia mwisho wa mwezi kwa kiasi alichofanya, au mapema zaidi kazi ikiisha. Kazi isiyotarajiwa kumalizika ndani ya miezi 3 inahitaji mkataba wa maandishi, na wa kuuandika ni mwajiri. Asiyejua kusoma anaweka dole gumba baada ya kuelezwa kwa lugha anayoifahamu, hata kama ni Kigiriama. Mwajiri akishindwa kuutoa mkataba huo kortini, mzigo wa kukanusha madai ya mfanyakazi kuhusu masharti ya kazi unamwangukia yeye.

Kwa hiyo, ndugu yangu wa Magarini, tunza vijikaratasi vya mizani, kadi ya getini na ujumbe wa M-Pesa wa malipo. Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi iko Malindi, na dai lako lazima liwasilishwe kabla ya miaka 3 kupita.