Kupima Ulaji wa Mafuta katika Gari la Dizeli

Katika biashara ya malori yanayobeba shehena kutoka bandari ya Mombasa kuelekea Nairobi na nchi za bara, hakuna ugomvi wa mara kwa mara kama ule wa mafuta. Mwenye gari hutoa lita kadhaa, dereva hurejea na tangi lililopungua kuliko ilivyotarajiwa, kisha hukumu hutolewa papo hapo: mafuta yamefyonzwa kwa mpira na kuuzwa njiani. Aghalabu dereva hukatwa mshahara. Yamkini mara nyingine tuhuma hizo huwa za kweli. Hata hivyo, hukumu yoyote hutegemea kipimo, na makala haya yanakusudia kueleza namna kipimo hicho kinavyopatikana na mahali kinapoweza kupotosha.

Inafaa kwanza kutenganisha mambo mawili ambayo lugha ya mazungumzo huyachanganya. Wazungumzaji husema gari "linakula" au "linakunywa" mafuta, wakimaanisha kila kilichotoweka tangini. Lakini kilichotoka tangini si lazima kiwe kimechomwa na injini. Katika makala haya, neno matumizi litachukuliwa kumaanisha kile cha kwanza, na ulaji kumaanisha cha pili. Ugomvi wote wa mwenye gari na dereva umo katika pengo lililopo baina ya maneno haya mawili.

Njia kongwe na rahisi ni ya kujaza tangi. Tangi hujazwa pomoni, nambari ya kilomita kwenye dashibodi huandikwa, gari husafiri, kisha hujazwa tena. Lita zilizoingia mara ya pili ndizo matumizi ya safari hiyo. Urahisi huu una masharti yake. Dizeli hutoa povu inapomiminwa kwa kasi, hivyo pampu huweza kukatika kabla tangi halijajaa. Gari lililoegeshwa mahali penye mteremko nalo huhifadhi hewa upande mmoja wa tangi. Ni bora kujazia kituo kile kile, pampu ile ile, na kukoma kwa namna ile ile. Kilomita zenyewe pia zina dosari: kifaa cha dashibodi huhesabu mizunguko, na gurudumu lililolika huzunguka mara nyingi zaidi kwa masafa yale yale, hivyo safari huandikwa kuwa ndefu kuliko ilivyo.

Joto nalo halipuuziki. Dizeli hutanuka kwa takriban asilimia 0.8 kila joto linapopanda kwa nyuzi 10 za Selsiasi. Isitoshe, katika injini nyingi za dizeli, mafuta yasiyochomwa hurudishwa tangini yakiwa yamepashwa joto na injini. Lita 400 zilizopimwa jioni zikiwa moto, zikipoa kwa nyuzi 15 usiku, hupungua kwa takriban lita 5. Mwenye gari anayepima kwa kijiti jioni na alfajiri atasadiki kwamba kuna mwizi, ilhali hakuna aliyeligusa tangi.

Baada ya kipimo huja hesabu, nayo ina mtego wake. Chukulia lori lililopanda kutoka Mombasa hadi Nairobi, kilomita 480, likiwa na shehena, likatumia lita 240. Likarudi tupu kwa lita 160. Kupanda ni kilomita 2 kwa lita, kushuka ni 3. Wengi hukimbilia kusema wastani ni 2.5. Sivyo: kilomita 960 zikigawanywa kwa lita 400, jibu ni 2.4. Nchi nyingi za Ulaya huhesabu lita kwa kilomita 100, kipimo ambacho wastani wake hauharibiki safari zinapolingana kwa masafa. Tofauti ya kupanda na kushuka nayo si ya kushangaza. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Kuinua tani 40 kwa kimo hicho peke yake huhitaji zaidi ya lita 40 za dizeli, iwapo injini inageuza asilimia 40 ya nishati ya mafuta kuwa kazi. Kumpima dereva wa kupanda kwa kiwango cha dereva wa kushuka ni dhuluma tupu.

Ulaji wenyewe hupimwaje? Katika gari la petroli lililo la kawaida, kompyuta huweza kukisia mafuta kutokana na hewa inayovutwa, maadam uwiano wake hukaribia gramu 14.7 za hewa kwa gramu moja ya petroli. Vifaa vya bei nafuu vinavyochomekwa garini hutumia hesabu hiyo, na ndipo vinapokosea katika dizeli. Injini ya dizeli huvuta hewa bila kuzibiwa. Nguvu yake huongozwa na kiasi cha mafuta kinachopulizwa. Inapobeba mzigo mzito uwiano huweza kukaribia 20, na inapounguruma tu imesimama huweza kupita 50. Hewa, basi, haisemi kitu cha kutegemewa.

Kuna wanaofunga mita ya mtiririko kwenye bomba. Mita moja haitoshi, kwa kuwa sehemu ya mafuta hurudi. Iwapo lita 90 huenda kwa saa na 60 hurudi, ulaji ni 30. Lakini kila mita ikikosea kwa asilimia 1 tu, makosa hayo yakielekea pande zinazopingana, jumla yake ni lita 1.5, yaani asilimia 5 ya jibu.

Malori ya kisasa hutegemea amri za kompyuta yake. Injini ya mipigo minne yenye silinda sita, ikizunguka mara 1,500 kwa dakika, hupuliza mafuta mara 4,500 kwa dakika. Kila mpulizo ukiwa milimita 100 za ujazo, ulaji ni lita 27 kwa saa. Ikumbukwe kwamba hicho ni kiasi kilichoamriwa. Nozeli iliyochakaa ikivujisha zaidi, kompyuta haijui, na pengo litaonekana kama wizi. Fundi aitwe kabla ya polisi.

Kipimo kinachoshinda vyote hivi ni mizani, kwani uzito haubadiliki kwa joto. Ndivyo ilivyofanywa mwaka 1897 kule Augsburg, Ujerumani, Profesa Moritz Schröter alipoijaribu injini ya Rudolf Diesel: gramu 238 za mafuta ya taa kwa kila nguvu-farasi kwa saa, ufanisi wa asilimia 26.2, wakati injini nyingi za mvuke hazikufikia nusu yake. Sifa ya injini hii, kwa hiyo, ilianzia katika kupimwa ulaji. Lori la barabarani halipimiki hivyo kwa urahisi. Kwake kinachosalia ni daftari. Tangi lijazwe kila safari, na mwenye gari na dereva watie sahihi pamoja, wakiandika kilomita, lita, uzito wa shehena na upande wa safari. Baada ya safari kumi za njia moja, kiwango cha kawaida cha gari hilo huonekana, na safari ya kumi na moja huweza kuhukumiwa.