Ukali, Uchungu, Uchachu, Ukakasi: Msamiati wa Kuonja Bia Nyeusi ya Pipani

1. Utangulizi

Kwetu Lubumbashi husemwa kuwa pilipili ni kali, ndimu ni kali, na lutuku nayo ni kali. Katika mazungumzo ya kila siku hakuna anayepotea, kwa kuwa kitu chenyewe kiko mezani. Lakini mtu anapotakiwa kueleza kwa maandishi ladha ya kitu ambacho msomaji hakioni, neno hilo moja halitoshi. Katika makala hii tunakusudia kuonyesha kuwa Kiswahili kina maneno ya kutosha kwa kazi hiyo, mradi kila neno lishike mpaka wake. Mfano tuliouchagua ni bia aina ya stauti iliyolazwa katika mapipa ya wiski, kwa sababu ladha zote nne zilizotajwa hapo juu zaweza kukutana katika bilauri moja.

2. Bia yenyewe

Stauti hupata weusi wake kutokana na shayiri iliyokaangwa kama ikaangwavyo kahawa. Katika miaka ya 1990, kiwanda cha Goose Island cha Chicago, Marekani, kilikuwa miongoni mwa vya kwanza kuilaza bia hiyo katika mapipa yaliyokwisha kutumika kwa wiski ya burboni. Bia iliyopatikana iliitwa Bourbon County Stout. Sheria ya Marekani hutaka burboni ilazwe katika vyombo vipya vya mti wa mwaloni vilivyochomwa ndani. Kwa hiyo pipa likitumika mara moja, halifai tena kwa burboni nyingine, na huuzwa. Pipa moja huchukua lita 200 hivi.

Bia hukaa humo karibu mwaka mmoja. Joto likipanda, huingia katika mbao. Baridi ikirudi, hutoka, ikichukua vanilini, harufu mfano wa nazi, na mabaki ya wiski. Kileo chake hufikia asilimia 14 hivi, hali bia ya kawaida huwa na asilimia 5 hivi.

3. Namna ya kuonja

Kwanza, bia isiwe baridi mno, maana baridi huficha harufu. Nyuzi 12 hadi 14 za Selsiasi zatosha. Pili, imiminwe kidogo katika bilauri iliyobana mdomoni, inuswe kabla ya kunywewa. Tatu, mwonjaji anywe funda dogo, alizungushe mdomoni, kisha ameze na kungoja. Ladha hazifiki pamoja. Utamu wa kimea hutangulia, na nyingine hufuata. Hapo ndipo maneno yanapopaswa kutengana:

a) Uchungu hutokana na hopsi na shayiri iliyokaangwa. Ni ladha ya kahawa isiyotiwa sukari.

b) Ukakasi si ladha hasa, bali ni hali ya ulimi na ufizi kukauka na kukazana, kama alapo mtu ndizi mbichi. Hutokana na tanini za mbao.

c) Ukali tungependa uachiwe kileo: ule moto unaoshuka kooni na kupasha kifua.

d) Uchachu ni ladha ya asidi, kama ya maziwa yaliyoganda. Katika bia hii haukutarajiwa. Ukitokea waziwazi, ni dalili ya kasoro.

4. Faida ya kutenganisha

Huenda msomaji akauliza kama huku si kuchagua maneno kupita kiasi. Tukio moja latosha kumjibu. Mwaka 2016 kiwanda tulichokitaja kilikiri kwamba sehemu ya bia zake za pipani za mwaka 2015 ilikuwa imeingiwa na bakteria aina ya Lactobacillus, nacho kikajitolea kuwarudishia wanunuzi fedha zao. Bakteria hao huleta asidi. Sasa tuchukulie mnywaji anaandika kwa Kiswahili kwamba bia aliyoinunua ni kali. Je, anaisifu kwa nguvu zake, au analalamika kuwa imeharibika? Kwa neno hilo peke yake, mtengenezaji hawezi kujua. Angaliandika kuwa ina uchachu, shaka ingaliondoka.

5. Hitimisho

Tumeona kwamba upungufu haumo katika lugha, bali katika mazoea yetu ya kulitwika neno moja mzigo wa maneno manne. Mazoea hayo huonekana pia katika tafsiri kutoka Kifaransa, pale mwanafunzi anapotumia kali kwa fort, kwa aigre na kwa âpre bila kutofautisha. Kabla ya kuunda istilahi mpya au kuazima za wengine, yafaa kwanza tuyape kazi maneno tuliyo nayo. Anayetaka kulijaribu jambo hili hahitaji bia ya Chicago: ndimu, ndizi mbichi, kahawa tupu na tone la lutuku vyamtosha, mradi aandike kila alichokionja bila kulirudia neno kali zaidi ya mara moja.