Pima Mlima Kabla Mlima Haujakupima



Ndugu wasomaji, mwezi huu ukurasa wetu wa afya unawahusu vijana wanaopenda mbio za baiskeli, pamoja na wazazi wao. Tumezoea kuzungumzia malaria, lishe ya watoto na kliniki ya wajawazito. Lakini mchezo nao ni sehemu ya afya. Ukifanywa kwa maandalizi huimarisha moyo na mapafu na humweka kijana mbali na vijiwe. Ukifanywa kwa pupa unaweza kumlaza kitandani, au hata kumuua.

Katika Injili ya Luka 14:28, Bwana wetu anatukumbusha kwamba mtu mwenye busara akitaka kujenga mnara huketi kwanza na kuhesabu gharama. Mwendesha baiskeli naye ana gharama ya kuhesabu, nayo ni njia atakayopita. Wengi huuliza, "Ni kilomita ngapi?" Ni wachache wanaouliza, "Ina milima kiasi gani?" Swali hili la pili ndilo linalougusa moyo wako.

KIONGORONI SI KIGALI

Tuchukue mfano wa kijana wa Kiongoroni. Kwao ni delta: mito, mikoko, matope na ardhi iliyo mita chache tu juu ya usawa wa bahari. Safari nyingi ni za mtumbwi au boti. Kijana huyu ana mikono na kifua cha nguvu kwa sababu ya kasia na pondo. Baiskeli anaijua, tena huipakia samaki, nazi au magunia. Ila mlima wa kweli, ule unaopanda kilomita nzima bila kupumzika, huenda hajawahi kuuona isipokuwa akiwa ndani ya basi.

Sasa tutazame upande wa pili. Mwezi Septemba 2025, Mashindano ya Dunia ya Baiskeli za Barabarani yalifanyika Kigali, nchini Rwanda, kwa mara ya kwanza katika bara la Afrika. Mbio kubwa ya wanaume ilikuwa ya kilomita 267.5. Jumla ya mita zilizopandwa ilikuwa 5,475. Linganisha na Mlima Kilimanjaro, ambao kilele chake kiko mita 5,895 juu ya usawa wa bahari! Walianza waendeshaji 165, waliomaliza ni 30 tu. Hao ni watu ambao baiskeli ndiyo kazi yao, wana makocha na madaktari. Mshindi, Tadej Pogačar wa Slovenia, alitumia zaidi ya saa 6.

Kigali iko kwenye mwinuko wa kama mita 1,500. Hakuna kilele cha Kilimanjaro pale. Zile mita 5,475 zimetoka wapi basi? Zimetokana na kupanda na kushuka vilima vilevile mara nyingi. Hili ndilo somo la kwanza: usitazame tu urefu wa mahali pa kuanzia na pa kumalizia. Jumlisha kila mahali unapopanda. Mteremko haukurudishii nguvu zote ulizotumia.

JINSI YA KUPIMA NJIA

Si lazima uwe na vyombo vya gharama. Fuata hatua hizi:

1. Pata njia yenyewe kwa maandishi. Waulize waandalizi mbio inaanzia wapi, inapita wapi na kumalizikia wapi, na itaanza saa ngapi.

2. Tumia ramani ikiwa ipo. Ramani za upimaji zina mistari inayounganisha sehemu zenye mwinuko mmoja. Mistari ikiwa mbali mbali, nchi ni tambarare. Ikisongamana, hapo ni mlima mkali. Mwalimu wa jiografia wa sekondari anaweza kuwafundisha kuisoma kwa nusu saa.

3. Simu yenye kupima mwinuko inasaidia, lakini usiiamini yote. Namba zake huyumba mita kadhaa hata ukiwa umesimama. Mayumbo hayo yakijumlishwa njia nzima huleta milima ambayo haipo.

4. Pima ukali wa mlima kwa ubao. Chukua ubao ulionyooka wa urefu wa mita 1 na pima maji ya fundi mwashi. Lala ubao juu ya barabara kwa kufuata mwelekeo wa kupanda, kisha inua ncha ya chini mpaka tone la hewa likae katikati. Pima kwa rula pengo kati ya ncha hiyo na barabara. Pengo likiwa sentimita 6, mlima ni wa asilimia 6: ukienda mita 100 unapanda mita 6. Pima sehemu tatu au nne za mlima huo, maana barabara haipandi sawasawa. Fanyeni wawili, mmoja akitazama magari.

5. Andika katika daftari. Mlima wa mita 500 wenye asilimia 6 ni mita 30 za kupanda. Fanya hivyo kwa kila mlima, kisha jumlisha. Gawanya jumla kwa kilomita za njia nzima. Ukipata chini ya mita 5 kwa kila kilomita, njia hiyo ni karibu tambarare. Kati ya 5 na 10 ni vilima. Zaidi ya 15 ni njia ya milima hasa. Ile ya Kigali ilikuwa kama mita 20 kwa kila kilomita.

6. Andika pia mlima uko wapi. Mlima wa kilomita ya 5, asubuhi, mwili ukiwa na nguvu, si sawa na mlima uleule katika kilomita ya 70, saa 6 mchana.

MLIMA HUUFANYIA MWILI NINI?

Fikiria mtu na baiskeli yake vina uzito wa kilo 90. Kwenye mlima wa asilimia 5, ni kama mtu amefunga kamba nyuma ya baiskeli na kuning'iniza mzigo wa kilo 4 na nusu unaokuvuta nyuma bila kuachia. Kwenye asilimia 10 mzigo huo ni kilo 9. Barabara ya lami iliyo tambarare haikuvuti hata kilo moja, ukiacha upepo.

Moyo unalazimika kupiga haraka ili kupeleka damu kwenye misuli. Damu hiyohiyo inatakiwa pia kwenye ngozi ili kutoa joto nje. Kumbuka kwamba kwenye mlima mwendo ni mdogo, hivyo upepo wa kukupoza hakuna. Jua liko juu, lami inachoma kutoka chini, na mwili wenyewe unawaka kama jiko. Hapo ndipo vijana huanguka.

Aidha, ukitoka pwani kwenda mahali penye mwinuko wa mita 1,500, hewa ni nyepesi zaidi. Kila pumzi inakupa oksijeni kama sehemu 5 tu kati ya 6 za ile uliyoizoea nyumbani. Kwa hiyo usishangae kuhema mapema. Punguza mwendo.

KUJIANDAA PASIPO NA MLIMA

Kijana wa delta hana haja ya kukata tamaa. Jipe wiki 8 hadi 12.

- Tumia upepo. Kusi likivuma, endesha ukielekea kusini. Kaskazi ikivuma, elekea kaskazini. Upepo wa mbele ni mlima wa watu wa pwani.
- Tumia mchanga. Kilomita 2 za mchanga mlaini hufanya misuli ya mapaja kazi kama ya kilima.
- Mara mbili kwa wiki, endesha kwa nguvu dakika 5, kisha taratibu dakika 5. Rudia mara tatu au nne. Siku nyingine endesha kwa mwendo ambao unaweza kuzungumza na mwenzako bila kukatika pumzi.
- Ukivuka hadi Nyamisati, ile barabara ya kwenda Bungu ina nafasi ya kutosha kwa safari ndefu. Nenda na mwenzako, na uaga nyumbani.
- Ongeza umbali kidogo kidogo. Pumzika walau siku moja kwa wiki, na Dominika mwili na roho vipewe haki yake.
- Jifunze kushuka. Hili wengi hulisahau. Finya breki zote mbili kwa kuachia na kukamata, usizishikilie muda mrefu. Kagua raba za breki, mnyororo na tairi siku moja kabla. Vaa kofia ngumu. Chama cha kimataifa cha mchezo huu kiliifanya kuwa lazima mwaka 2003, baada ya mwendeshaji Andrei Kivilev wa Kazakhstan kuanguka na kufariki kwa jeraha la kichwa.

CHAKULA NA MAJI

Siku moja kabla kula vizuri ugali, wali au viazi vitamu, pamoja na samaki na mboga. Asubuhi ya mbio kula saa 3 kabla ya kuanza, usishibe kupita kiasi. Njiani ndizi mbivu au tende zinatosha.

Jasho kwenye joto letu linaweza kufika lita moja kwa saa, hata zaidi. Jipime uzito kabla na baada ya mazoezi: kila kilo moja iliyopungua ni kama lita moja ya maji iliyotoka. Lakini usinywe maji matupu mengi kupita kiasi kwa mara moja, kwani huzimua chumvi ya damu, na hilo nalo ni hatari. Tengeneza kinywaji hiki: maji safi yaliyochemshwa lita 1, sukari vijiko vya chai 6 vya kusawazisha, na chumvi nusu kijiko cha chai cha kusawazisha. Kunywa kabla ya kufika mlimani. Ukishaanza kuhema, kunywa ni shida.

USISHINDANE IKIWA:

1. Una homa, au umetoka kuugua malaria siku chache zilizopita. Homa na juhudi kubwa pamoja huweza kuudhuru moyo.
2. Umewahi kuzimia au kupata maumivu ya kifua ukiwa katika mazoezi, au katika ukoo wenu kuna kijana aliyekufa ghafla. Onana na daktari kwanza.
3. Una upungufu wa damu. Mwanaume awe na angalau gramu 13 kwa kipimo cha damu, mwanamke 12. Wasichana wapimwe bila kukosa. Anayekojoa damu apimwe kichocho, maana ugonjwa huo hunyonya damu polepole.
4. Una ugonjwa wa selimundu. Mbio za kuchosha hazikufai. Yule aliyerithi chembe kutoka kwa mzazi mmoja tu, na si mgonjwa, anaweza kushiriki, ila ajizoeze taratibu, anywe maji ya kutosha, na aache mara moja akihisi misuli inauma na kuishiwa nguvu kusiko kwa kawaida.

JIHADHARI NA VIDONGE

Kuna vijana wanaomeza vidonge vya maumivu kabla ya kuanza ili wasisikie uchovu. Wengine hutafuta vya kuchangamsha. Kumbukeni habari ya Tom Simpson wa Uingereza, bingwa wa dunia wa mwaka 1965. Tarehe 13 Julai 1967, katika mbio za Ufaransa, alianguka akipanda mlima Ventoux kwenye joto kali, akafa akiwa na umri wa miaka 29. Mwilini mwake zilikutwa dawa za kuchangamsha na pombe. Uchovu ni kengele ya Mungu ndani ya mwili. Dawa zile hazikuondoa uchovu, zilikata kamba ya kengele. Hata diclofenac na ibuprofen, zikimezwa wakati mwili umekauka maji, zinaweza kuumiza figo.

NENO KWA WAZAZI NA VIONGOZI WA VIWAWA

Kutoka visiwani hadi hospitali ni safari ya maji, na maji yana saa zake za kujaa na kupwa. Kwa hiyo vipimo vifanyike mapema, si siku ya mbio. Vijana wakisafiri, awepo mtu mzima mwenye maji, kitambaa, na nauli ya dharura.

Kijana akianza kuyumba, kuzungumza maneno yasiyoeleweka, au ngozi ikichoma kama moto, mtoeni kwenye mbio hata akikataa. Anayekataa katika hali hiyo si yeye, ni joto lililofika kwenye ubongo. Mlazeni kivulini, mvueni shati, mmwagieni maji mwili mzima na kumpepea bila kuacha, huku mkitafuta usafiri wa hospitali. Aliyepoteza fahamu asipewe kitu mdomoni. Na kama baada ya mbio mkojo ni mweusi kama kahawa, msingoje kesho.

Mzee mmoja aliniuliza, "Sista, mwanangu akirudi bila zawadi si ataaibika?" Nilimjibu kwamba pale Kigali mabingwa 135 hawakumaliza mbio ya wanaume, na wengi wao waliweza kupanda baiskeli tena. Zawadi zipo kila mwaka. Mtume Paulo anatufundisha kuwa mwili wetu ni hekalu la Roho Mtakatifu (1 Kor 6:19).

Basi vijana, chukueni ubao, pima maji na daftari, mwende mkaione njia. Na kabla ya hapo, piteni zahanati mpimwe damu na shinikizo la damu. Mwezi ujao, Mungu akipenda, tutazungumzia kichocho kwa undani.

Mungu awabariki na kuwalinda njiani.