Je, Wajua? Sumu Inayoamsha Jeni Zilizolala

Je, wajua kuwa mwaka 1977 wanasayansi waliripoti misuli iliyokuwa ikicheza ndani ya kisahani cha maabara, ilhali seli walizopanda humo hazikuwa za misuli hata kidogo? Zilitoka kwenye kiinitete cha panya. Zilipewa azasitidini, dawa ya kuua seli za saratani, kisha zikaachwa ziendelee kukua. Zile zilizosalimika zikaungana, zikarefuka, zikaanza kujikunja na kujikunjua zenyewe. Habari hiyo ilitoka katika jarida la Nature kwa majina ya Constantinides, Jones na Gevers. Miaka miwili baadaye, Peter Jones na mwenzake Shirley Taylor wakaonyesha kuwa dawa hiyohiyo huweza kuzigeuza seli hizo kuwa za mafuta, hata za gegedu.

Jones ni mtoto wa kusini mwa Afrika: alizaliwa Cape Town na kukulia katika nchi ambayo leo ni Zimbabwe, akasoma chuo hukohuko. Baadaye alihamia Marekani, akaongoza kwa miaka mingi kituo cha saratani cha Chuo Kikuu cha Southern California, Los Angeles.

Je, wajua kuwa seli ya jicho lako na ya ini lako zina jeni zilezile? Kinachozitofautisha ni jeni zipi zinafanya kazi na zipi zimenyamazishwa. Njia mojawapo ya kuinyamazisha jeni ni kubandika kikundi cha methili, yaani kaboni moja na haidrojeni tatu tu, juu ya herufi C ya DNA. Maandishi ya jeni hayabadiliki. Seli inapogawanyika, kimeng'enya maalumu huziweka alama hizo upya kwenye DNA ya seli changa, na ndiyo sababu seli ya ini huzaa seli za ini.

Sasa, azasitidini inafanana mno na herufi C. Seli huipokea bila kushuku na kuijenga ndani ya DNA yake. Kimeng'enya kikija kubandika alama, hunasa papo hapo na kushindwa kujinasua. Alama hazipatikani tena, na baadhi ya jeni zilizolala huamka. Jones na Taylor waliueleza uhusiano huo wa dawa na methili mwaka 1980, na fumbo la misuli ya panya likapata maelezo.

Je, wajua kuwa nyuki nao wanahusika? Malkia na kibarua wa mzinga mmoja hawatofautiani kwa jeni, bali kwa chakula walicholishwa wakiwa viluwiluwi. Mwaka 2008 watafiti wa Australia walipunguza kimeng'enya cha kubandika methili kwa viluwiluwi vya nyuki, na wengi wao wakakua kama malkia bila kulishwa kimalkia.

Kwa upande wa saratani, kunyamazishwa huku kwa jeni kuna uzito wa pekee. Mwili una jeni za breki, kama ile iitwayo p16, zinazozuia seli kugawanyika ovyo. Katika uvimbe mwingi breki hiyo haikukatika. Imefunikwa kwa methili. Iliyokatika ni vigumu kuirudisha, lakini iliyonyamazishwa yaweza kuamshwa, na kwangu mimi hili ndilo wazo kubwa kuliko yote katika kazi ya Jones.

Hata hivyo azasitidini, iliyotengenezwa Prague mwaka 1964, ilikaribia kuachwa. Madaktari waliitoa kwa dozi kubwa ili iue, na iliwadhuru wagonjwa kupita kiasi. Iliposhushwa dozi ndipo ikafaa. Mwaka 2004 Marekani iliiidhinisha kwa magonjwa ya uboho kushindwa kutengeneza chembe za damu zilizokomaa, ambayo kwa wengine huishia kuwa saratani ya damu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ulionyesha kuwa wagonjwa wenye hali mbaya waliopewa dawa hii waliishi kwa wastani wa kati wa miezi 24.5, dhidi ya 15 kwa waliopewa matibabu ya kawaida.

Si tiba ya kumaliza ugonjwa. Mgonjwa huchomwa sindano siku 7 katika kila siku 28, na huendelea hivyo maadamu inamsaidia. Kwa uvimbe wa mapafu au wa matiti, azasitidini peke yake haijafua dafu.