Sukari nguru yakoleza maziwa ya mayai

RONGO, katika Kaunti ya Migori, ni eneo la miwa, na wakazi wake hawana haja ya kutafuta mbali kitu cha kukoleza kinywaji cha Krismasi cha maziwa na mayai. Sukari nguru huwa na ladha nzito kuliko sukari nyeupe. Hata hivyo, ikitiwa katika maziwa moto, yaweza kuyakatisha. Iyeyushe kwa maji, uichuje, kisha uitie kinywaji kikishapoa.

Mayai mabichi yaweza kuwa na bakteria wa salmonela, waletao homa na kuhara. Kwa hivyo, mimina maziwa yaliyochemshwa kidogo kidogo juu ya viini vilivyopigwa, kisha koroga kwa moto mdogo hadi nyuzi 71 za selsiasi, bila kutokota. Kungumanga hukunwa mwisho, isije ikapoteza harufu.