Tesla Ngapi Zinatosha Kisumu?

Hospitali inapopanga kununua mashine ya MRI, ubishi huanzia kwenye nguvu ya sumaku: tesla 1.5 au 3? Kwetu Kisumu, jibu lianzie kwa wagonjwa wetu.

Mashine hii huvipanga viini vya haidrojeni vilivyo katika maji na mafuta ya mwili, huvichokoza kwa mawimbi ya redio, kisha hunasa ishara zinazorudi. Sumaku ikiwa na nguvu maradufu, ishara nayo hukaribia kuwa maradufu. Picha huonyesha vitu vidogo zaidi, au kipimo huchukua muda mfupi. Mtoto mwenye selimundu, ugonjwa ulioenea kandokando ya ziwa, hufaidika hapo: mishipa myembamba ya damu kichwani, inayoweza kumletea kiharusi, huonekana vizuri zaidi kwa tesla 3.

Gharama yake si pesa tu. Kutoka 1.5 hadi 3, nishati ya redio inayoingia mwilini huwa kama mara nne, hivyo mtaalamu hulazimika kuidhibiti ili mgonjwa asipate joto kupita kiasi. Chuma kilichopandikizwa mwilini, kikathibitishwa kwa 1.5, hakihesabiwi salama kwa 3 mpaka kithibitishwe upya. Tena mawimbi ya tesla 3 ni mafupi, urefu wake mwilini ukikaribia upana wa tumbo, na huacha vivuli kwenye picha. Tumbo likijaa maji, vivuli huzidi. Kichocho cha utumbo, kinachowaandama wavuvi wetu, kikishaharibu ini kinaweza kuleta maji hayo hayo. Mgonjwa huyo mara nyingi hupata picha safi zaidi kwa 1.5.

Hata sumaku dhaifu husaidia. Mwaka 2015, watafiti wa Blantyre, Malawi, walionyesha kwa mashine ya tesla 0.35 kwamba kati ya watoto 25 waliofariki kwa malaria ya ubongo, 21 walikuwa na ubongo uliovimba mno. Malaria hiyo tunaijua hapa.

Sumaku nyingi za 1.5 na 3 hupozwa kwa heliamu ya nyuzi 269 chini ya sifuri, na kipoozaji hutaka umeme usiku na mchana. Tunakumbuka Agosti 25, 2023, giza lilipotanda karibu nchi nzima.

Ningeshauri tuanze na 1.5, jenereta ya uhakika na wataalamu waliofunzwa vyema. Tesla 3 ifuate pale 1.5 inaposhindwa kumjibu daktari.